CG125 ya zamani, mbele ya pikipiki nyingine, umeme wa nyingine: nilichojifunza (uzi mrefu, kaa chini)

Kiki_Tatu (mleta uzi)

Wakuu habari. Nimepotea humu muda mrefu, mikono ilikuwa na grisi. Kwenye uzi wa jamaa mmoja niliahidi nikimaliza hii pikipiki nitakuja kueleza yote, mazuri na ya aibu, sasa nimekuja. Sio kwamba imeisha, pikipiki za hivi haziishi, ila inawaka, inatembea na inasimama pale ninapotaka isimame, na hilo la kusimama ndo limenila muda kuliko yote.

Chombo ni Honda CG125 ya zile za mwanzo, umeme volti 6, platini (kile kifaa cha kukata umeme ili plagi itoe cheche), breki za ngoma mbele na nyuma. Kwa wasioijua, CG ilitoka 1976 na Honda waliitengeneza kwa ajili ya mtu ambaye pikipiki kwake ni jembe, anaendesha mpaka igome ndo anamkumbuka fundi. Ndo maana haina cheni ya ndani ya kuzungusha kamshafti (shafti yenye nundu za kufungua valvu) huko juu. Kamshafti iko chini, inazungushwa na gia, ina nundu moja tu inayosukuma valvu zote mbili kwa fimbo ndefu. Hakuna cheni ya kulegea wala tensheni (kikaza cheni) ya kupiga kelele. Hiyo injini ndo babu wa injini nyingi za kichina zinazotembea leo, nikajiambia babu akiumwa wajukuu wa kumchangia damu ni wengi. Kumbe kuwa mjukuu ni kitu kimoja, kundi la damu ni kitu kingine kabisa.

Hali niliyoikuta: injini imekamata, tanki ndani ni kutu tupu ukilitikisa linalia kama kayamba, shokapu za mbele zimepinda, rimu ya mbele imeliwa, waya zimekatwa na mtu mwenye hasira. Fremu nzima, namba zinasomeka, nyuma pazima. Kwa hiyo mbele ilibidi nitafute kwingine hata kama nisingetaka urembo. Nikapata mbele kamili ya pikipiki ya kichina ya cc 150, shokapu nene, rimu ya 17 ya kumwaga, disiki, kila kitu. Muuzaji akaniapia "hii inaingia moja kwa moja". Mkisikia hilo neno kimbieni.

Nitaendelea kwa vipande, kula kwanza.

Vumbi

Nimeweka kambi. Tupia na picha mkuu

Spana_Kumi

Swali la haraka kabla hujaenda mbali, injini iliyokamata uliifunguaje? Mimi nina ya kwangu nimeipiga kiki mpaka kiki ikakatika meno.

Kiki_Tatu

@Spana_Kumi pole, hilo ndo kosa la kwanza la kila mtu. Injini iliyokamata haipigwi kiki. Kiki ina gia zake ndogo mle ndani, wewe ukipanda juu na uzito wako wote zenyewe ndo zinakuwa dhaifu kuliko kutu.

Mimi nilitoa plagi, nikamimina humo mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, pistoni ikalala humo siku 5, kila jioni naongeza kidogo. Siku ya 6 nikaweka gia ya juu kabisa, nikashika tairi la nyuma nikawa nalisukuma mbele nyuma mbele nyuma kidogokidogo kama nambembeleza mtoto. Kwenye gia ya juu tairi lina nguvu ya kuzungusha krankishafti (shafti kuu ya injini) taratibu bila kuvunja kitu. Dakika kama ishirini hivi ikatoa sauti "tik", ikasogea upana wa ukucha. Nilipiga kelele mpaka nikaulizwa kuna nini.

Silinda ilikuwa na pete ya kutu pale pistoni ilipokuwa imelala, kucha inakwama ukipitisha. Ikabidi ichongwe. Saizi yake ya kiwandani ni 56.5mm, nikaenda 57.0 yaani oversaizi ya 0.50. Hesabu yake na stroki (safari ya pistoni juu na chini) ya 49.5 unatoka cc 124 unafika 126, usitegemee muujiza. Nunua pistoni KWANZA ndo umpelekee mchongaji silinda pamoja na hiyo pistoni mkononi, asichonge kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Maboksi yanadanganya.

Fremu_Nzito

Hapo kwa 126 umeniangusha mkuu. Si ungepiga silinda ya 150 ya wajukuu ukamaliza? Stroki ni ileile, 62 kwa 49.5 inakupa 149 safi.

Kiki_Tatu

Unadhani sikujaribu. Stroki ni moja kweli, na nilikuwa nayo mkononi, ila sketi ya ile silinda (lile pindo la chini linalozama ndani ya krankikesi, yaani kasha la chini la injini) ni nene kuliko mdomo wa krankikesi yangu. Ili iingie natakiwa nitanue mdomo, maana yake nifungue injini nzima mpaka chini, nichonge chuma ambacho pembeni yake kimebaki chembamba, halafu krankishafti ambayo uzito wake ulisawazishwa kwa pistoni ndogo nianze kuibebesha pistoni kubwa. Kwa injini ya umri huu nikasema hapana. Anayetaka 150 afunge injini nzima ya 150, mikono mingi ya fremu ya kufungia injini inafanana, ila hapo unakuwa na pikipiki nyingine yenye tanki la zamani.

Fremu_Nzito

Hayo ni maneno ya mwoga lakini sawa 😂

MamaWaya

Mwache, ameongea vizuri. Kaka kabla hujapuliza rangi kwenye hiyo fremu, sehemu ya athi (pale waya hasi wa betri unapofungwa kwenye fremu) iache chuma kitupu au iweke tepu. Nasema mapema maana najua wanaume wa humu, rangi kwanza, waya baadaye.

Kiki_Tatu

Nimekusikia dada.

Sasa tanki. Wengi wanatupia nati au kipande cha cheni humo ndani wanatikisa mpaka mikono inakufa. Inasaidia kwa magamba makubwa ila kwenye kona hakufiki. Nilitumia umeme: tanki limejazwa maji yenye magadi ya kufulia, katikati nikaning'iniza nondo isiyogusa popote (nimeifunga na kipande cha mpira mdomoni), chaja ya betri ile ya zamani, hasi kwenye tanki, chanya kwenye nondo. Linachemka mapovu, kutu linahama. Ukikosea ukageuza waya unakula tanki lenyewe badala ya kutu, kwa hiyo angalia mara mbili. Fanya nje hewa inapita maana yale mapovu mengine ni haidrojeni, ni gesi ya kulipuka. Na nondo iwe chuma cha kawaida, usije ukatumia kijiko cha stenlesi, ile inamwaga sumu ya kromiamu kwenye maji. Nililiacha usiku mbili, nikasafisha, nikakausha, nikazungusha mafuta ya injini kidogo ndani lisishike kutu tena kabla ya petroli.

Kulikuwa na kitobo kimoja chini. Hicho nimepeleka kulehemu kwa risasi, sio kuchomelea. Tanki lililowahi kubeba petroli hata miaka kumi iliyopita msilipeleke kwa mchomeleaji hivihivi, mvuke unakaa kwenye mikunjo na unangoja cheche.

Platini

Mimi nilitumia siki wiki nzima, ikatoka vizuri ila nikasahau kuiua asidi na magadi baadaye, kesho yake tanki limekuwa rangi ya chungwa ndani. Kutu mpya kabisa, mbichi.

Kiki_Tatu

Haha siki hiyo. Haya sasa MBELE. Hapa ndo kuna uzi wenyewe, mengine yalikuwa utangulizi.

Nilidhani ukiwa na shokapu, ti zote mbili (vile vipande vya juu na chini vinavyozishika), tairi na breki vyote vya pikipiki moja, basi kazi ni kuingiza ile nguzo ya ti ya chini kwenye shingo ya fremu, kaza nati, ondoka. Nguzo ikaingia. Vikombe vya gololi vya upande wa kichina kwa nje vilikuwa saizi moja na shingo yangu, nilivipima na vernia kabla sijagonga chochote, hapo nilikuwa na bahati. Ila nguzo yenyewe ilikuwa ndefu kwa milimita 7. Ukikaza nati ya juu, ti ya juu inabaki inaning'inia haigusi kitu. Fundi wa kuchonga akanitengenezea kola ya chuma ya milimita 7 inakaa juu ya nati ya kurekebishia gololi, chini ya ti ya juu. Kazi ya nusu saa. Nilivyojua kupima tu urefu nilikuwa nimeshafunga na kufungua mara tatu na gololi mbili zimekimbilia uvunguni, mpaka leo sijaziona. Hesabu gololi kabla hujatoa, juu ngapi chini ngapi, andika ukutani.

Shida ya pili nikaiona nimeshapuliza rangi. Tanki jekundu linang'aa, nimelikalisha, nimekunja usukani kushoto mpaka mwisho kuona waya zinafikaje, nikasikia "kong". Shokapu imepiga tanki. Ile mikono ya kuzuia usukani usipitilize, kwenye fremu ya Honda iko sehemu moja na kwenye ti ya mchina iko sehemu nyingine, zinapishana kama watu wasiosalimiana. Tanki lina shimo la ukubwa wa kidole gumba, bado lipo hapo ukitaka kuliona. Ikabidi nichomelee kipande kwenye kizuizi cha fremu, rangi ikaungua, nikasugua nikapuliza tena shingo yote. Kwa hiyo ukiazima mbele, kunja usukani kulia na kushoto mpaka mwisho siku ya kwanza kabisa, fremu ikiwa kavu, tanki bovu likiwa juu yake.

Ya tatu, urefu. Zile shokapu ni ndefu kuliko za zamani kwa sentimita 4. Mbele imeinuka, pikipiki imekaa kama mbwa aliyekaa chini.

Vumbi

Si inapendeza hivyo kama chopa

Kiki_Tatu

Inapendeza imesimama. Ukiinua mbele, shingo inalala zaidi nyuma, tairi la mbele linaenda mbali, usukani unakuwa mzito kwenye mwendo mdogo, unazunguka kama lori. Nikapandisha mirija ya shokapu ndani ya ti, ikachomoza juu milimita 20, halafu nyuma nikaweka shokapu ndefu kwa milimita 20 hivi za pikipiki nyingine tena (macho ya juu na chini yana bolti saizi ileile, nilipima safari hii). Kabla ya kupandisha mirija angalia shokapu ikibonyea mpaka mwisho madigadi haigusi ti ya chini.

Fremu_Nzito

Hapa niongezee maana ni sehemu watu wanaumia. Ukipitiliza upande wa pili, nyuma ikawa juu sana mbele chini, usukani unakuwa mwepesi mwepesi, kwenye mwendo unaanza kutikisa kichwa. Kuna umbali kati ya pale mstari wa shingo unapogusa ardhi na pale tairi linapogusa ardhi, huo ndo unaifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe. Kila unachoinua nyuma unaupunguza. Mleta uzi alichofanya, kushusha mbele na kuinua nyuma kwa hesabu mpaka shingo irudi pembe ya zamani, ndo sawa. Mimi napima kwa programu ya simu ya kupimia mteremko, naweka simu kwenye shingo kabla ya kufungua kitu chochote, naandika namba.

Kiki_Tatu

Hiyo ya simu ningeijua mwanzo ningelala usingizi. Mimi nilipima kwa kamba yenye jiwe.

Na kabla hamjauliza, rimu ya 17 mbele na 18 nyuma haina tatizo lolote. Watu wanaona namba ya rimu wanasahau tairi. 2.75-18 ya zamani ukipiga hesabu kipenyo chote ni kama 597mm. 80/100-17 niliyoweka ni kama 592. Tofauti milimita 5, tairi la zamani likiisha linapungua zaidi ya hapo.

Spana_Kumi

Breki mkuu, ulisema zimekula muda

Kiki_Tatu

Ndo nafika. Mbele yangu ilikuja na kalipa (ile inayobana disiki) ila haina masta silinda (ile ya juu kwenye usukani). Nikaokota moja nzuri, inang'aa, imetoka kwenye pikipiki kubwa ya disiki mbili. Nikafunga, nikatoa hewa, levo (mkono wa breki) ikawa ngumu kama mti. Nikafurahi!! Nikasema hii ndo breki. Nikaenda kujaribu kwenye uwanja, navuta kwa vidole vinne, pikipiki inapungua mwendo kwa adabu kama inaomba ruhusa. Nikadhani pedi zina mafuta, nikabadili pedi. Nikadhani disiki imeota kioo, nikaisugua. Nikatoa hewa mara tano. Wiki mbili zimeisha hivyo.

Mchongaji

Tundu la masta, pale pistoni inapokaa, ni kubwa.

Kiki_Tatu

Ungekuwepo wiki zile mbili kaka. Ndiyo, ilikuwa na pistoni ya inchi 5/8 yaani karibu 15.9mm, imetengenezwa kusukuma kalipa mbili. Yangu ni moja ndogo.

Mchongaji

Nieleze kwa wanaosoma. Nguvu ya vidole vyako igawanye kwa eneo la pistoni ya masta, ndo presha unayoipata. Eneo likiwa kubwa presha inakuwa ndogo, levo inakuwa ngumu na fupi, mtu anadhani ugumu ndo nguvu. Ukishuka kwenda nusu inchi, 12.7mm, gawanya 15.9 kwa 12.7 halafu zidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 1.57. Yaani vidole vilevile, presha mara moja na nusu na zaidi. Unacholipa ni levo kuvutika mbali kidogo. Saizi imeandikwa kwenye mwili wa masta yenyewe, pengine kwa inchi pengine milimita, futa grisi usome.

Kiki_Tatu

Kama alivyosema. Nikaweka ya 12.7, vidole viwili vinatosha, siku ya kwanza karibu nipite juu ya usukani. Washa (vile viringi) za kopa za pale mpira wa breki unapofunga ni mpya kila ukifungua, ile ya zamani imeshabonyezwa. Na mafuta ya breki ni DOT 4, yaliyomwagikia tanki langu bovu lenye shimo yakala rangi, nikachelewa kumwaga maji. Hilo tanki lina historia kunishinda mimi. Msichanganye na DOT 5, hiyo ni silikoni, haikai pamoja na hizi nyingine, ila 5.1 jina tu linafanana, yenyewe ni ndugu wa 4.

Platini

Naomba nikiri kitu na mimi nipate amani. Niliwahi kununua cheni 420 nikaenda kuifunga kwenye sproketi (gia za cheni) za 428. Nimeilinganisha dukani, pini kwa pini, zinalingana kabisa! Nikafika nyumbani haikai kwenye meno.

Mchongaji

Pini kwa pini zote ni 12.7mm. Tofauti ni upana wa ndani, 420 ina 6.35 na 428 ina 7.94. Jino la 428 ni nene, haliingii. Kinyume chake ndo kibaya zaidi, cheni ya 428 kwenye sproketi ya 420 inakaa, inacheza cheza, mtu anaendesha mpaka siku inaruka.

Kiki_Tatu

Kwenye sproketi nimegusa kidogo tu. Ilikuwa 14 mbele 41 nyuma, nimeweka 15 mbele. Jino moja la mbele ni karibu sawa na kutoa matatu nyuma (15/41 na 14/38 hesabu zake zinakaribiana), na ni rahisi kufunga. Injini inapumua vizuri kwenye barabara ndefu, mlimani narudi gia moja, sina haraka. Na kwa sababu tairi la mbele ni la pikipiki nyingine, nilinyoosha kwa kamba ndefu kutoka nyuma pande zote mbili. Alama za kwenye mkono wa nyuma usiziamini, zangu zilitofautiana milimita 3 kushoto na kulia toka kiwandani au toka ajali ya mtu, sijui.

MamaWaya

Na umeme? Umenyamaza sana kuhusu umeme.

Kiki_Tatu

Dada nilikuwa nakukwepa.

Volti 6 sikutaka, taa yake ni kama mshumaa kwenye chupa. Nikachukua seti nzima kwa mjukuu: flaiwili (gurudumu la sumaku), stata ya 12V (sio ya kuwashia, ni zile koili za kuzalisha umeme ndani ya flaiwili), kifuniko cha kushoto, CDI (kisanduku kinachoamuru cheche), koili, regyuleta. Kitu cha kwanza nilichohakikisha ni ule mteremko wa krankishafti unaokaliwa na flaiwili. Nilipaka wino wa maka kwenye shafti, nikakalisha flaiwili nikaizungusha kidogo, nikatoa nikaangalia wino umefutika wapi. Umefutika wote kuzunguka, maana yake inakaa. Ungefutika pembeni tu ingekuwa inakalia ukingo, na hapo ile kii ya nusu mwezi inakatika siku yoyote na taimingi (wakati wa cheche kutoka) inahama.

Halafu nikafunga kila kitu, hakuna cheche. Plagi mpya, hakuna. Koili nyingine, hakuna. Nikabadili CDI, nikaazima kwa jamaa ambaye yake inafanya kazi, soketi ileile, umbo lilelile, hakuna!

MamaWaya

Ya jamaa ilikuwa ya DC.

Kiki_Tatu

Mnanikera nyie watu mnaojua 😂 Ndiyo. Na ya kwangu ya kwanza nayo ilikuwa ya DC, muuzaji alichanganya kwenye seti.

MamaWaya

Kwa wengine: CDI ya AC inakula umeme wa koili maalum ya kwenye stata, yenye waya mwembamba mwingi, haihitaji betri kabisa. CDI ya DC inakula volti 12 za betri. Kwa macho zinaweza kufanana kama mapacha. Ukiweka ya DC kwenye mfumo wa AC haipati chakula inachokijua, kimya. Ukifanya kinyume, kimya vilevile au unaiua. Kabla hujanunua chukua mita, pima ukinzani wa ile koili ya stata kati ya waya wake na athi. Ukipata mamia ya ohm basi una koili ya kulisha CDI, una mfumo wa AC. Kama kwenye stata hakuna waya wa namna hiyo, tafuta ya DC. Na taa ya mbele uliweka nini? Usiniambie balbu ya H4 ya wati 60/55.

Kiki_Tatu

35/35 dada. Niliijaribu hiyo H4 usiku mmoja, injini ikizunguka polepole taa inakuwa rangi ya chai, betri ikafa asubuhi.

MamaWaya

Afadhali. Stata ya hizo injini ina kiasi chake, huwezi kutoa usichonacho. Fyuzi umeweka karibu na betri?

Kiki_Tatu

Sentimita 10 kutoka betri.

Kabureta nitapita haraka. Niliweka ya mdomo wa 30 kwa tamaa. Chini inakohoa, juu ya kati ndo inaamka. Mdomo mkubwa kwa injini ndogo hewa inapita polepole, haivuti petroli sawasawa. Nikarudi 26, nikapandisha sindano kwa kushusha klipu ngazi moja kwa sababu ekzosi ni ya wazi kidogo kuliko ya zamani. Plagi sasa ni kahawia ya udongo. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi petroli ni nyingi, ikiwa nyeupe kama chaki ni chache na hiyo ndo inaua pistoni. Na kwenye plagi za NGK angalieni herufi, D uzi ni 12mm, C ni 10, E mwishoni uzi una urefu wa 19mm, H ni 12.7. Ukiweka ndefu kwenye kichwa cha fupi inaenda kusalimiana na pistoni. Valvu zote mbili 0.08mm, injini ikiwa baridi, baridi kweli sio vuguvugu.

Vumbi

Mkuu na ile saa ya spidi inasoma sawa?

Kiki_Tatu

Haisomi sawa. Saa ni ya CG, gia ya kwenye habu ni ya mchina, saa inahesabu mizunguko ya kebo tu haijui nani anaizungusha. Ikisema 60 simu inasema 52. Nimebandika kipande cha tepu.

Kuna kitu kimoja kimebaki kinaninyima raha. Nikishika breki usiku, taa ya nyutro inawaka hafifu, na indiketa zikiwa zinapiga taa ya mbele nayo inapepesa nazo. Nimebadili swichi ya breki, nimebadili flasha, nimefuata waya wote mkubwa kwa vidole.

MamaWaya

Athi ya betri umeifunga wapi?

Kiki_Tatu

Kwenye fremu, bolti ya chini ya kiti.

MamaWaya

Ile fremu uliyoipuliza rangi?

Kiki_Tatu

...

Ngoja nikachukue msasa.

MamaWaya

Nenda.

Kiki_Tatu

Nimerudi. Chini ya ile bolti kulikuwa na praima na tabaka mbili za nyekundu, umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, na mwingine unarudi kupitia taa ya nyutro kutafuta njia. Nimekwangua mpaka chuma cheupe, nimeweka washa ya meno, nimepaka grisi juu. Nyutro imezima. Taa ya mbele imetulia, na nahisi hata honi imeongezeka sauti.

Spana_Kumi

Alikwambia mwanzo kabisa wa uzi 😂😂

Kiki_Tatu

Najua. Nimeenda kusoma tena juu huko, hadi nilimjibu "nimekusikia dada".